Siri ya Maungamo Mbele ya Hakimu

Mwaka 1813 jijini New York, Padre Anthony Kohlmann, Mjesuiti wa kanisa la Mtakatifu Petro, alimrudishia mtu mali aliyoibiwa. Vyombo vya dola vilipopata habari, vikataka kujua nani aliyempa padre mali hiyo. Kohlmann akakataa kusema. Aliipokea kwa njia ya kitubio, akaieleza mahakama kuwa yu radhi kufungwa, hata kufa, kuliko kumtaja mtu huyo. Aliyesimama kumtetea, William Sampson, alikuwa Mprotestanti aliyefukuzwa kwao Ireland kwa sababu za kisiasa. Mahakama chini ya Meya DeWitt Clinton iliamua kwamba katiba ya jimbo, iliyolinda uhuru wa dini, hairuhusu padre kulazimishwa kufichua maungamo. Walioshtakiwa kwa kupokea mali ya wizi wakaachiwa kwa kukosa ushahidi, na hapo wengi huona kwamba haki ilipotea. Mimi naona wanasahau mwanzo wa kesi yenyewe: mali ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Ilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuambiwa bila hofu, naye akamsukuma aliyekosa kurekebisha kosa. Ondoa siri hiyo, na mahakama haitapata shahidi wala mwenye mali hatapata mali.

Msingi wa hoja yangu ni huu: sheria inayomlazimisha padre kusema haiongezi ushahidi hata chembe. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, Kanisa limemwekea muungamishi adhabu kali akitoa siri, na leo padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, wala hakuna wa kumwondolea adhabu hiyo ila Kiti cha Kitume, yaani Vatikani. Muungamaji akifa, siri inabaki. Padre haruhusiwi hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna ya kumdhuru aliyeungama. Kwa hiyo hakimu akimwamuru aseme, atakachopata ni mfungwa aliyenyamaza. Tena mara nyingi padre hana jina la kutaja: wavu uko katikati, sauti ni ya kunong'ona, na anayeungama halazimiki kujitambulisha. Waumini wakishajua kwamba kiti cha maungamo kina sikio la polisi, mwenye kosa zito ndiye wa kwanza kutokanyaga hapo.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu watoto, na halistahili kujibiwa juu juu. Tume ya Kifalme ya Australia kuhusu udhalilishaji wa watoto katika taasisi, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2017, ilisikia habari za mapadre walioungama kuwadhulumu watoto kisha wakarudia, ikapendekeza siri ya maungamo isiwe kinga. Majimbo kadhaa ya huko, kama Victoria na Queensland, yalibadili sheria. Uchungu wa waathirika ni wa haki kabisa. Lakini tume hiyohiyo ilionyesha mahali palipooza zaidi: wazazi walilalamika, maaskofu wakajua, kumbukumbu zikaandikwa, na mhalifu akahamishiwa parokia nyingine. Hayo hayakusikiwa kwenye kitubio. Yalikuwa ofisini, na hakuna kanuni takatifu iliyoyafunika. Aliyeyaficha astahili kushtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Na ndani ya kitubio chenyewe padre hakufungwa mikono. Asiyetubu kweli, asiyekusudia kuacha, anaweza kunyimwa ondoleo. Mtoto akisimulia aliyotendewa, padre anapaswa kumhimiza ayaseme tena nje ya maungamo, na akiyasema huko, padre ana wajibu wa kutoa taarifa kama mwalimu au daktari.

Wengine huuliza kwa nini Wakatoliki wapendelewe. New York ilijibu mapema: sheria yake ya mwaka 1828 iliwalinda wahudumu wa madhehebu yote. Isitoshe, hakuna anayeshangaa wakili akitunza siri za mteja aliyemkiria kosa, kwa kuwa tunajua bila siri hiyo hakuna utetezi. Mwaka 2025 jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwalazimisha mapadre kutoa taarifa za udhalilishaji wa watoto hata zikitoka kwenye maungamo, huku likiwaachia mawakili kinga yao. Ubaguzi huo haukuweza kutetewa. Mwezi Julai, kabla sheria haijaanza kazi, jaji wa shirikisho aliizuia isitumike kwa maungamo, na Oktoba jimbo likakubali kutoitekeleza hapo. Mapadre wa Washington wanabaki na wajibu kamili wa kutoa taarifa ya kila wanachokijua nje ya kitubio, na hapo ndipo wapelelezi na waendesha mashtaka wanapopaswa kuwabana bila huruma: kwenye mafaili, barua na mikutano ya ofisi za majimbo ya Kanisa.