Mangobo kwa miguu: sehemu ya Kisangani ambayo wageni hawaonyeshwi

Mgeni akifika Kisangani, jambo la kwanza anaambiwa ni Wagenia. Anapandishwa motari mpaka kwenye maporomoko, anasalimia wakubwa wa kijiji, analipa kinachoombwa, kisha anaonyeshwa wavuvi wakipanda juu ya miti iliyosimikwa kati ya mawe, vikapu vikubwa vikining'inia ndani ya maji. Ni kitu kizuri na cha kale. Halafu anarudishwa Makiso, katikati ya mji, anapiga picha ya kanisa kuu karibu na mto, anakula lituma na samaki, siku imeisha.

Mangobo hafiki. Na kwa macho tu, mtu atauliza: afuate nini huko? Parsele ni kama za komini nyingine, miembe, watoto, akina mama na beseni za mboga, motari zinazopita bila kupumzika na kinga chache za toleka zilizobaki. Hakuna maporomoko. Lakini mtu akitembea Mangobo pamoja na anayejua, avenyu kwa avenyu, anakutana na sehemu ya historia ya Congo ambayo vitabu vya watalii havigusi. Katika miji mingi duniani siku hizi matembezi ya namna hiyo yamekuwa kazi ya kuwalisha watu. Kuna matembezi ya vita, ya muziki, ya biashara ya watumwa, ya chakula. Kisangani ina mambo ya kujaza wiki nzima.

Tuanze na yale ya zamani, haraka. Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Léopold. Mwaka 1890 Joseph Conrad alifika kwa mashua, na safari ile ikazaa kitabu ambacho Wazungu wanakisoma mpaka leo. Kiswahili tunachosema mjini kiliingia na misafara ile ya pembe, na wengi husema hata jina Kisangani linatoka kwenye neno kisanga, yaani kisiwa. Huko Zanzibar, kwenye mji mkongwe, wageni wanaotembezwa kwa miguu wanasimamishwa mbele ya nyumba ya Tippu Tip mtaani Shangani, wanaelezwa alikuwa nani. Hapa alipotawala, ni nani anayesimamishwa na kuelezwa?

Sasa Lumumba. Matembezi yake yangeanzia posta, Makiso, maana Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville kwa miaka mingi, mpaka alipokamatwa mwaka 1956 kwa kesi ya pesa za posta. Wakati ule mji uligawanyika: katikati ni ya Wazungu, Waafrika wanalala kwenye mitaa yao, Mangobo ikiwa mmojawapo. Kutoka posta kwenda Mangobo kwa miguu ni kufuata njia ambayo wafanyakazi walipita kila asubuhi na kila jioni. Mgeni akiifuata chini ya jua la ikweta ataelewa ukoloni kupitia miguu yake kuliko kupitia hotuba.

Mwezi wa kumi 1959 Lumumba alirudi Stanleyville akiwa kiongozi wa MNC, kwa ajili ya mikutano ya chama. Tarehe 30 polisi na jeshi la Force Publique waliingilia kati, fujo zikaenea kwenye mitaa ya Waafrika, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Yeye alikamatwa tarehe 1 mwezi wa kumi na moja. Januari 1960 alihukumiwa miezi 6, lakini siku chache baadaye Wabelgiji wenyewe walimtoa jela ili aende Bruxelles kwenye Meza ya Duara. Tarehe ya uhuru ilipangwa huko. Mwezi wa sita 2022, jino lake lililobaki liliporudishwa kutoka Ubelgiji, sanduku lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa, na umati ukajaa barabarani. Watu walikuja kumpokea mtu wao. Lakini waliouawa 1959, majina yao nani anayajua?

Hilo swali la majina ndilo linafanya haya matembezi yasiwe mchezo wa watalii tu.

Chukua Vita vya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, ambayo yote mawili yalikuwa yameingia Congo kama marafiki wa waasi, yalipigana ndani ya Kisangani. Yalikuwa yamekwisha kupigana hapa mwezi wa nane 1999 na tena mwezi wa tano 2000. Almasi na uongozi wa mji vilikuwa kati ya sababu. Makombora maelfu yalianguka juu ya nyumba za raia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayoitwa Rapport Mapping, inasema raia waliokufa ni kati ya 244 na 760.

Soma tena hizo hesabu mbili. Tofauti yake ni watu 516. Yaani kuna watu 516 ambao huenda walikufa, huenda hawakufa, kufuatana na karatasi unayoshika mkononi. Katika mji ambao kila parsele inajulikana na majirani, ambamo kila avenyu ina mkubwa wake, tofauti kama hiyo si ya lazima. Mtu aliyezikwa nyuma ya nyumba wakati makombora yanaanguka ana mama, ana kaka, ana jirani aliyeshika sepetu.

Na hesabu hii ina bei. Congo ilipeleka Uganda mbele ya Korti ya Kimataifa ya La Haye, na mwaka 2005 Korti ikasema Uganda ina kosa. Ilipofika kupanga malipo, Congo iliomba zaidi ya dola milioni elfu 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 Korti ilitoa milioni 325, na kati ya sababu zake ni kwamba ushahidi juu ya watu na mali ulikuwa mdogo. Kuhusu Rwanda, Korti ilikwisha kusema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Kwa hiyo kombora lilelile lililobomoa nyumba lina maana tofauti kufuatana na jeshi lililolirusha, jambo ambalo mwenye nyumba, akiwa chini ya kitanda na watoto, hakupata nafasi ya kuchunguza.

Pesa za Uganda zinapita kwenye mfuko wa FRIVAO, wenye makao makuu hapa Kisangani. Wakaaji wanajua vizuri kelele zilizoufuata. Mwezi wa tisa 2025, Korti ya Kasasyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa ubadhirifu wa karibu dola milioni 20, zilizotoka kwenye pesa hizo kwa ajili ya kujenga jela mjini. Wale waliokatwa miguu mwaka 2000 walikuwa wanangoja muda huo wote. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliwafuata kwa kamera katika filamu yake En route pour le milliard ya mwaka 2020: wanashuka mto Congo mpaka Kinshasa, na magongo yao na miguu yao ya bandia, kwenda kudai haki yao. Asiyeiona aitafute.

Halafu kuna siku ambayo ni ya Mangobo yenyewe. Asubuhi ya tarehe 14 mwezi wa tano 2002, askari na polisi walioasi RCD-Goma walishika redio ya mji na kuita raia wawafukuze Wanyarwanda. Kuna watu waliouawa na umati asubuhi ile, na hilo pia lazima lisemwe. Baada ya masaa machache RCD ilirudisha redio mikononi mwake. Kisha wanajeshi wake wakaingia Mangobo. Waliua, walipora, walibaka. Usiku, kwenye daraja la mto Tshopo, watu waliuawa na maiti zikatupwa majini. Siku zilizofuata mto ulizirudisha. Human Rights Watch iliandika kwamba waliouawa ni zaidi ya 80. Umoja wa Mataifa ulitaja hesabu kubwa zaidi, zaidi ya 160. Tena hesabu mbili.

Mtu atasema: sasa unataka tupeleke wageni kuangalia machozi ya watu? Ni ulizo la haki, na lisipojibiwa vizuri, heri kazi isianzishwe. Nairobi kuna matembezi yanayoitwa Nai Nami, ambamo vijana waliolala barabarani wanawapitisha wageni katikati ya mji na kueleza maisha yao. Nguvu yake ni kwamba anayesema ndiye aliyeishi, na malipo yanaingia mfukoni mwake. Bruxelles, shirika la Collectif Mémoire Coloniale linatembeza watu mtaani Matonge na kwenye sanamu za wakoloni, na lilikuwa kati ya waliosukuma mpaka uwanja wa Patrice Lumumba ukafunguliwa tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Kwa hiyo leo Mbelgiji anaweza kutembezwa na Mkongomani akaelezwa Lumumba huko kwao. Mwanafunzi wa Mangobo, kwa mji wake mwenyewe, hapati saa hiyo moja.

Kwa maoni yangu, mgeni wa kwanza wa matembezi haya asiwe Mzungu mwenye kamera. Awe mtoto wa sekondari wa Kabondo, wa Lubunga, wa Mangobo yenyewe, aliyezaliwa baada ya 2002 na anayesikia habari za mji wake vipande vipande, wazee wakinyamaza akiingia. Wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Kisangani wangeweza kuwa viongozi, kila mmoja akiwa na avenyu yake na daftari yake. Haingii parsele ya mtu bila kupiga hodi siku moja mbele na kuuliza: Papa, Mama, tunaweza kupita kesho, na kuna jambo mnalotaka tuseme, na jambo tusiloruhusiwa kusema? Kama jibu ni hapana, kundi linapita bila kusimama. Kama ni ndiyo, mwenye parsele anasema mwenyewe na analipwa mbele ya wote, kama wakubwa wa Wagenia wanavyolipwa kwa maporomoko yao.

Mengine ni ya kawaida kwa anayejua inchi yetu. Barua kwa burugmesta wa Mangobo na nakala kwa polisi, la sivyo kundi la watu 15 wanaotembea na kuandika litaishia ofisini likieleza linatafuta nini. Simu zibaki mfukoni karibu na daraja la Tshopo. Kuanza saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na kumaliza kabla ya mvua ya mchana. Anayetaja mtu aliyekufa aandike jina, umri, siku, na mahali alipozikwa, palepale, mbele ya ndugu zake, na wao wabaki na nakala.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1959 sasa anakaribia 90. Kama yupo kwenye avenyu yako, anza na parsele yake.