Chombo Kilichopotelewa na Usukani: Methali ya Pwani katika Maji ya Ukambani

Mwanafunzi wa Kitui au Makueni hukutana na usukani kwanza ndani ya matatu, kisha katika kitabu cha methali. Chombo cha kuzama hakina usukani, husoma hapo, na aghalabu hufafanua kuwa jambo lisilo na kiongozi huangamia. Ufafanuzi huo umeipindua methali. Wahenga hawakusema kuwa chombo kisicho na usukani kitazama. Walisema kuwa kile kilichokwisha kuandikiwa kuzama hakiongozeki. Kwa mtu aliye majini, tofauti hiyo yaweza kuwa ya uhai na mauti.

Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, sukkan. Katika gari ni duara ashikalo dereva. Katika jahazi ni ubao uliofungwa tezi na kuzama majini. Alichoshika nahodha ni kana, mti unaougeuza ubao huo. Hitilafu basi yaweza kutokea popote baina ya mkono na maji: kana kuvunjika, waya kukatika, ubao kung'oka, au, kwa mashua za kuvulia samaki wakubwa huko Watamu na Shimoni, mafuta ya haidroli kuvuja. Aliyezoea usukani wa gari hudhani kuwa maadamu ameshika kitu mkononi, chombo chamtii.

Wala maji hayako mbali na Ukambani. Mto Athi hupita mpakani mwa Kitui na Makueni. Ziwa la Kiambere, lililotokana na bwawa lililokamilika mwaka 1988 katika Mto Tana, liko baina ya Kitui na Embu. Tuchukulie wageni wamekwenda huko likizoni kuvua samaki, na waya wa usukani ukakatika katikati ya ziwa. La kwanza ni kupunguza mwendo, kwani mashua iendayo kasi bila kuongozwa huweza kujipindua. Kisha kila mmoja avae jaketi la kuokolea, na upepo uchunguzwe unasukuma wapi. Ukisukuma kwenye miamba, nanga itoswe mapema, iwapo kamba yafika chini.

Baada ya hapo ndipo hutafutwa usukani mwingine, nao mara nyingi upo. Injini ndogo inayoning'inizwa nyuma ya mashua ndiyo usukani wenyewe: hugeuzwa kwa mkono, ikiwa katika mwendo wa chini kabisa. Kasia likifungwa tezi hufanya kazi ya ubao uliopotea. Hata ndoo yafaa. Ikifungwa kamba na kuburutwa upande wa kulia, mashua huvutika kulia. Penye injini mbili, ile ya kushoto ikiongezwa nguvu chombo huenda kulia. Lisilofaa ni kujitosa na kuogelea, maana Mto Tana una mamba na viboko.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ule ufafanuzi wa darasani hushindwa kabisa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Kilikuwa na usukani. Kilichozidi ni abiria. Rais Magufuli alieleza pia kuwa nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo.

Lipo neno jingine linalofumbuliwa na mkasa huu. Wanafunzi huandika kuwa mambo yalikwenda mrama, ilhali wachache wamewahi kuuona mrama. Mashua isiyoongozwa hukaa ubavu kwa mawimbi, nayo huyumba upande huu na huu. Huko ndiko kwenda mrama. Mabaharia huizuia hali hiyo kwa kutupa majini ndoo au turubai lililofungwa kamba kwenye omo, ili omo ielekee mawimbi.

Mwalimu wa Wote au Mwingi hana jahazi la kuonyesha haya. Hata hivyo, beseni la maji, kigae cha kibuyu na kijiti kilichobanwa nyuma vyatosha. Kigae kikiwa kimetulia, kijiti hakigeuzi kitu. Kikisukumwa mbele, hugeuka, kwa kuwa usukani hutegemea maji yanayoupita. Kijiti kiondolewe, kigae kisukumwe tena, na darasa litazame kitakavyokwenda upande na kuendelea kuelea.