Kufundisha CPR kwa Video na Mwanasesere

Ufufuaji wa moyo na mapafu, ambao hospitalini na katika kozi za huduma ya kwanza huitwa kwa kifupi CPR, ni kazi ya mikono yenye vipimo. Kwa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, kiganja huwekwa katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kifua hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mkandamizo kifua huachwa kiinuke kikamilifu, kwa kuwa ndipo damu inaporudi kuujaza moyo. Aliyefunzwa kupuliza hewa hutoa pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Kila dakika ipitayo bila msaada wowote hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Vipimo hivyo vinaweza kukaririwa kwa jioni moja, lakini sentimita 5 hazikaririki. Kifua cha mtu mzima ni kigumu kuliko wengi wanavyodhani. Anayekikandamiza kwa mara ya kwanza huogopa kuvunja mbavu, huishia juujuu, na muda si mrefu mikono yake huanza kulegea bila mwenyewe kutambua. Ndiyo sababu miongozo hushauri waokoaji wapokezane kila baada ya dakika 2. Wala mtu mwenye afya hawezi kulazwa chini ili wengine wajifunzie kifuani mwake, maana moyo unaodunda vizuri unaweza kudhurika. Mafunzo ya CPR kwa hiyo yalihitaji sanamu tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe si wa zamani sana. Mwaka 1960, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba damu inaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa nje, bila kukipasua. Katika kipindi hichohicho Asmund Laerdal, mtengenezaji wa midoli wa Stavanger, Norway, alitumia ujuzi wake wa plastiki laini kutengeneza mwanasesere wa ukubwa wa binadamu, Resusci Anne, ambaye uso wake ulinakiliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana wa Paris, anayesimuliwa kuwa alikufa maji katika mto Seine. Mwanasesere huyo alibuniwa kwanza kwa ajili ya kufundisha kupuliza hewa mdomo kwa mdomo. Springi ya kifuani iliongezwa ili akandamizwe pia. Mwaka 1961 Norway ikaanza kufundisha ufufuaji shuleni.

Kwa miongo kadhaa darasa la CPR lilikuwa na sura moja: mkufunzi alieleza, akaonyesha, kisha wanafunzi wakapanga foleni mbele ya mwanasesere mmoja. Katika kozi ya saa kadhaa, muda ambao kila mwanafunzi aliutumia magotini akikandamiza ulikuwa dakika chache tu. Video iliondoa foleni hiyo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya video ya dakika 34 ambayo mwanafunzi aliitazama akiwa na mwanasesere wake mwenyewe, bila mkufunzi, na utendaji wa waliojifunza hivyo ukawa bora kuliko wa waliopitia kozi ya kawaida. Mwaka 2005 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa kifurushi cha nyumbani chenye mwanasesere mdogo wa kujazwa upepo na video ya dakika 22.

Siri haikuwa ubora wa picha. Katika video za aina hiyo mwanafunzi hatazami kwanza akafanya baadaye. Hutenda huku akitazama. Mtu kwenye skrini anakandamiza, mapigo ya kuongoza kasi yanasikika, na mwanafunzi anakandamiza pamoja naye. Video iliyotazamwa tu, hata ikirudiwa mara ngapi, humpa mtazamaji ujasiri mwingi kuliko uwezo. Klipu nyingi zinazosambazwa kwenye simu ni za namna hii, na manufaa yake yasikuzwe kupita kiasi.

Hata hivyo liko jambo ambalo video hulifundisha vizuri kuliko mwanasesere. Mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kuendelea kwa muda kutweta kwa nadra, kwa sauti kama ya kukoroma au ya samaki aliyetolewa majini. Walio karibu hudhani anapumua, wakamwacha. Mwanasesere wa kawaida hawezi kutweta hivyo, na maelezo ya maneno hayatoshi. Sekunde chache za picha halisi hutosha.

Kwa upande wa mikono, kinachohitajika ni mwanasesere anayejibu. Wale rahisi hutoa mlio kifua kinapofikia kina kinachotakiwa. Wengine huwa na taa, au hutuma vipimo kwenye simu: kina, kasi, na kama kifua kimeachwa kiinuke. Kosa hili la mwisho, la kuegemea kifua bila kukiachia, jicho la mkufunzi hulikosa mara nyingi, ilhali kifaa hulinasa. Tangu mwishoni mwa Januari 2019 Chama cha Moyo cha Marekani kimetaka kozi zake za CPR kwa watu wazima zitumie vifaa vya kutoa mrejesho wa aina hiyo. Lakini wengi wa wanasesere walioko sokoni wana kifua bapa cha kiume, na tafiti katika nchi kadhaa zimeonyesha kwamba mwanamke anayeanguka hadharani ana nafasi ndogo zaidi ya kukandamizwa kifua kuliko mwanamume.

Uigaji ni zaidi ya mwanasesere. Ni tukio zima linalotungwa: mgonjwa ameanguka, ndugu wanalia, kifaa kimoja hakipatikani, na timu inapaswa kugawana kazi. Zoezi likiisha, washiriki huketi kujadili kilichotendeka na sababu zake. Timu nyingi hugundua katika mazungumzo hayo kwamba kilichokosekana hakikuwa ujuzi. Hakuna aliyejua nani aamue.

Mfano ulio wazi kuliko mingi wa nguvu na udhaifu wa mafunzo haya unatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, na unahusu watoto wachanga. Kwa kawaida, mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa ana tatizo la hewa zaidi kuliko la moyo. Hukaushwa, husuguliwa mgongo, na asipoanza kupumua hupewa hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kubinya unaosukuma hewa, na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010 chini ya uongozi wa Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, hufundisha hayo kwa mwanasesere anayejazwa maji hadi awe na uzito na ulegevu wa kichanga. Katika hospitali 8 za Tanzania ambako mpango ulianza, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Haydom ilitazama kwa karibu zaidi. Wahudumu walipewa kozi ya siku moja, na walipopimwa miezi 7 baadaye kwenye mwanasesere walikuwa wamepiga hatua kubwa. Ila huduma waliyoitoa leba kwa watoto halisi haikubadilika kama ilivyotarajiwa. Matokeo hayo yangeweza kuishia kabatini. Badala yake yaligeuzwa kuwa swali la ratiba. Mwanasesere aliwekwa palepale karibu na leba, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, wakiwa zamu. Katika kipindi kilichofuata, watoto waliosuguliwa ili waanze kupumua waliongezeka, waliohitaji ambu wakapungua, na vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ujuzi wa CPR huanza kufifia miezi 3 hadi 6 baada ya kozi, kwa daktari na kwa mwananchi vilevile, ingawa cheti huendelea kusomeka kuwa halali kwa miaka 2. Hospitali yenye bajeti ya semina moja ya hotelini ingepata faida kubwa zaidi kwa kununua mwanasesere mmoja na kumteua mkunga wa kusimamia mazoezi.

Yapo pia masuala ya maudhui. Video nyingi za Marekani kwa umma hufundisha kukandamiza tu, bila kupuliza. Hiyo inamfaa mtu mzima aliyeanguka ghafla, ambaye damu yake bado ina oksijeni. Mvuvi aliyeopolewa Ziwa Victoria au mtoto aliyetumbukia kisimani moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, na kwake pumzi ni sehemu ya tiba yenyewe. Video ya kufundishia Mwanza au Kilwa isiyo na pumzi ina pengo.

Kazi ya Haydom ilipanuliwa baadaye hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa 5 ya Tanzania, kwa mpango wa Safer Births. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyohusu takriban wajawazito 300,000, yalionyesha vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mpango huo uliunganisha mazoezi ya uigaji na vifaa vipya vya kupimia mapigo ya moyo wa mtoto pamoja na matumizi ya takwimu za kila kituo, hivyo haiwezekani kusema ni sehemu gani ya upungufu huo ilitokana na mwanasesere peke yake.