Madhumuni ya Kufundisha Dini katika Shule ya Sekondari ya Kikristo

Somo la dini lina nafasi yake katika ratiba ya kila shule ya sekondari ya Kikristo, walakini kusudi lake halielezwi waziwazi mara nyingi. Mwalimu akiulizwa afundisha kwa ajili gani, aweza kutoa majibu matatu: wanafunzi wapate kujua, wapate kufahamu, au wapate kuamini. Kiswahili chayatenga mambo hayo kwa vitenzi vitatu, na mwalimu asiyeyapambanua huenda akaipima imani kana kwamba ni maarifa.

Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Shule ya Kiungani, Unguja, iliyokuwa ya misheni ya U.M.C.A., ilianza kwa kuwalea watoto waliookolewa utumwani, ikawatayarisha baadhi yao kuwa walimu na makasisi; kufundisha na kuongoza katika imani kulikuwa kazi moja. Baadaye hali ilibadilika. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliyafanya Makanisa kuwa wadhamini wa shule yalizozianzisha. Nchini Tanzania, Sheria ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali. Hata katika shule zilizo chini ya Makanisa hivi leo, darasa moja laweza kuwa na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na pengine Waislamu pia. Hapana budi kusudi la somo liwe lile ambalo mwalimu aweza kulitetea mbele yao wote.

Kusudi la kwanza ni maarifa: habari za manabii, maisha na mafundisho ya Yesu, safari za Paulo, historia ya Kanisa. Haya hupimwa kwa mtihani, na ni haki yapimwe. Hatari yake ni kwamba mtihani huweza kulimeza somo zima, hata mwanafunzi akaweza kutaja makosa yote aliyoyakemea Amosi asione kwamba mizani ya udanganyifu ingali sokoni kwao.

Kusudi la pili ni ufahamu, na hapa ndipo lugha ina kazi kubwa. Katika nchi hizo mbili somo hili kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi wengi husali kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba neno la darasani na neno la sala hayakutani. Mwanafunzi huandika maana ya imani kwa Kiingereza kama alivyoikariri, asikumbuke kwamba kwao husemwa “mwonee imani maskini,” yaani mhurumie. Vivyo hivyo neema: mkulima huita mwaka wa mavuno mengi mwaka wa neema, na maana hiyo ya wingi usiotokana na jasho la mtu peke yake yaweza kuwa mlango wa kuingilia katika maneno ya Paulo. Mwalimu akiweka Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 kando ya ile ya Kiingereza, akawauliza wanafunzi kila neno lina maana gani vijijini kwao, atakuwa amefanya kazi ambayo ufafanuzi wa kukariri hauwezi kuifanya. Tena maneno kama dini, imani, dhambi na toba yana asili ya Kiarabu, nayo hutumiwa na Waislamu na Wakristo pia. Kuyachunguza pamoja huwafundisha wanafunzi kuheshimiana bila kuficha tofauti zao.

Kusudi la tatu ni imani yenyewe pamoja na mwenendo uzaliwao nayo. Shule ya Kikristo haina haja ya kuona haya kwa kulitamani. Lakini imani itolewayo kwa kuogopa adhabu, au kwa kutafuta alama, si imani. Mwanafunzi hujifunza jambo hili zaidi kwa kuona jinsi mwalimu amtendeavyo mpishi wa shule, au mtoto aliyechelewa kulipa ada, kuliko kwa kusikiliza maelezo.

Basi yampasa mwalimu kufundisha la kwanza kwa bidii, la pili kwa subira, na la tatu kuliachia nafasi.