Mbuga Inavyopumua: Utangulizi wa Elimu ya Naitrojeni Udongoni

Somo hili linaanzia mahali ambapo mkulima wa Dutwa, wilayani Bariadi, anapafahamu vizuri: mteremko wa shamba lake. Juu kuna luseni, udongo wa kichanga usioshika maji. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji wakati wa mvua. Mfuatano wa namna hii wataalamu huuita katena, jina lililopendekezwa mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo wa kituo cha Amani, Tanga.

Sasa tuingie ndani ya udongo wenyewe. Hewa ina asilimia 78 ya naitrojeni, lakini mpunga hugeuka manjano kwa kuikosa. Hapo wengi huchanganyikiwa, na ni haki yao. Naitrojeni ya hewani ni ghala lililofungwa, na ufunguo wanao bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Baadhi yao, raizobia, huishi katika vinundu vya mizizi ya dengu, choroko na migunga. Huko huigeuza naitrojeni kuwa amonia, ambayo mmea unaweza kuitumia. Wengine huipata amonia kwa kuozesha majani na samadi.

Kuanzia hapa usikariri majina. Uliza swali moja tu: je, hewa inaingia kwenye udongo huu?

Ikiingia, kundi jingine la bakteria huigeuza amonia kuwa nitrati, chakula cha mimea kinachosafiri upesi na maji. Isipoingia, kwa kuwa maji yamejaza kila tundu, wapo bakteria wanaopumua kwa kutumia oksijeni iliyomo ndani ya nitrati. Nitrati huvunjika, na naitrojeni hurudi hewani. Ndiyo sababu jaruba, yaani shamba la mpunga lililozungushiwa matuta, linalokauka na kujaa maji mara kwa mara hupoteza naitrojeni nyingi kuliko linalobaki na maji muda wote: likikauka nitrati hutengenezwa, likijaa huvunjwa.

Mvua ya kwanza nayo ina maajabu yake. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa, bakteria huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Anayepanda mapema huiwahi. Anayechelewa huachia mvua iizamishe au iioshe.

Ni vyema kuyajua haya kabla ya kuzungumzia urejeshaji wa ardhioevu, yaani mabonde yanayotuamisha maji kama mbuga. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti vichipue. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo. Bonde lililofunikwa nyasi hupunguza mwendo wa maji na kurudisha mabaki ya mimea, chakula cha bakteria. Hapo upotevu wa nitrati, hasara kwa mwenye jaruba, huwa faida: nitrati iliyovunjwa bondeni haifiki Ghuba ya Speke, ambako Mto Simiyu humwaga maji yake, kulisha magugumaji ya Ziwa Victoria.

Ili kuyaona haya mwenyewe, anza na jembe. Ng'oa shina la mpunga jarubani, utazame mizizi: utaona rangi ya kutu. Mpunga huteremsha hewa kupitia shina, na oksijeni inayovuja hutia kutu chuma kilichomo udongoni. Kandokando ya mzizi huo nitrati inatengenezwa. Milimita chache pembeni, inavunjwa.