Sekunde Sita za Miaka Thelathini

Picha ya kwanza ni ya studio. Msichana amesimama kando ya kiti cha mbao, mkono mmoja juu ya egemeo, viatu vyeupe, macho yamekazwa kwenye kamera. Picha ya pili ni ya kitambulisho, imepigwa kwa simu kutoka kwenye kadi iliyochubuka: mama mtu mzima, kitambaa kichwani, mistari ya kadi ikimpita shavuni. Kati ya picha hizo mbili kuna miaka thelathini hivi. Kuna ndoa, watoto, misimu ya pamba na ya mahindi, na hakuna picha nyingine hata moja. Kwenye skrini iliyowekwa chini ya hema la matanga, miaka hiyo yote inapita kwa sekunde sita.

Kwa kazi ya namna hii, sekunde sita ni nyingi. Slaidi za mazishi kwa kawaida hubadilika kwa sekunde moja, na mtazamaji hata haoni zilivyobadilika. Hapa mtu analazimika kuona. Picha ya msichana haisukumwi pembeni wala haififii yote kwa pamoja. Inaanza kufunguka chini kushoto, upenyo mwembamba, kisha penyo nyingi ndogo zinazotafutana hadi zikutane. Ndani ya penyo hizo kinaonekana kitambaa cha kichwani, kisha bega. Uso wa msichana unabaki peke yake kwa kitambo, umezungukwa na mwanamke atakayekuwa, halafu nao unaachia.

Aliyetengeneza mpito huo ni fundi wa video mjini Homa Bay. Hataki jina lake litajwe gazetini, kwa kuwa kazi yake imejaa siri za nyumba za watu. Wateja wake wengi wanatoka ng'ambo ya pili ya iliyokuwa wilaya ya South Nyanza: Rongo, Awendo, Uriri, Migori mjini. Picha zinamfikia kwa WhatsApp siku chache kabla ya mazishi, mara nyingi usiku. Video ikiwa tayari, flashi inapanda matatu kupitia Rodi Kopany na kupokelewa Rongo na mpwa wa marehemu.

Matanga ya Nyanza hayahitaji kuelezwa. Mwili unatoka mochari, unakesha nyumbani, na kesho yake unazikwa. Skrini imejiunga na hema, spika na wasifu uliochapwa kwa rangi, na leo familia nyingi huiagiza pamoja na viti. Kinachoonyeshwa humo ndicho ambacho watu wachache hukifikiria.

Fundi huyu anakifikiria sana. Programu za kutengeneza slaidi, anaeleza, huja na mipito iliyoandaliwa tayari kwa mamia: mioyo inayopasuka, mchemraba unaozunguka, ukurasa unaofunuliwa, nyota zinazotawanyika. Waliozibuni walikuwa na harusi na sikukuu za kuzaliwa akilini. Kwake yeye, jeneza likiwa hatua chache kutoka kwenye skrini, mchemraba unaozunguka na uso wa marehemu ubavuni mwake ni utovu wa adabu. Kwa muda alitumia mfifio wa kawaida, picha moja ikiyeyuka ndani ya nyingine. Huo hauna kosa, anasema, ila nao unapita kila mahali kwa mwendo mmoja. Kuvuka kutoka Krismasi ya 2018 hadi Krismasi ya 2019 kunachukua muda uleule wa kuvuka kutoka utoto hadi uzee. Hilo ndilo lililomkera hadi akaanza kutengeneza mipito yake mwenyewe.

Njia aliyoipata ni rahisi kuliko inavyoonekana, na haikumgharimu senti ya programu. Anatumia Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video. Picha mbili huburutwa kwenye mstari wa muda hadi zipandane kidogo. Pale zinapopandana ndipo mpito unapozaliwa. Ukifungua mipangilio yake unakuta orodha ya maumbo, na kwenye orodha hiyo pana nafasi ya kuchagua faili lako mwenyewe. Faili hilo ni picha ya kawaida isiyo na rangi, yenye weusi, weupe na kijivu cha kila namna. Mashine huisoma kama ratiba. Palipo peusi hufunguka kwanza, palipo kijivu hufuata, peupe humalizia. Ukitaka kinyume chake, kuna kisanduku kimoja tu cha kubofya.

Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachoweza kupigwa picha kinaweza kuwa mpito. Fundi alikwenda gatini Homa Bay, akainamisha simu juu ya maji na kupiga picha gugumaji, mmea uleule unaowatesa wavuvi wa ghuba hiyo tangu miaka ya 1990. Majani yalikuwa yanang'aa, na maji yaliyo kati yake yalikuwa meusi. Alipoondoa rangi, alikuwa na ratiba iliyokwisha kuandikwa na ziwa lenyewe: maji kwanza, majani baadaye. Zile penyo zinazoonekana kwenye skrini ni maji ya Homa Bay.

Hata hivyo jaribio la kwanza liliharibika, na sababu yake anaieleza kwa furaha ya mtu aliyehangaika akaelewa. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 za kijivu, kuanzia 0 ambayo ni weusi kabisa hadi 255 ambayo ni weupe. Video yake ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde sita ni fremu 150, na kila fremu inapanda chini kidogo ya ngazi mbili. Sasa, picha nyingi hazitumii ngazi zote. Zinajazana katikati, tuseme kati ya 90 na 150. Mpito ukianza, sekunde mbili nzima zinapita bila chochote kutokea. Kisha kila kitu kinamwagika ndani ya sekunde moja na nusu. Kisha skrini inatulia tena kabla ya muda kuisha. Waombolezaji wangedhani mashine imekwama.

Dawa yake ni kuzitawanya zile ngazi. Ndani ya GIMP, programu nyingine ya bure, kuna amri ya kusawazisha, inayozivuta rangi za kijivu hadi kila ngazi ipate sehemu yake ya picha. Baada ya hapo anaitia picha ukungu kidogo, maana bila ukungu kila mshipa wa jani hugeuka chembe inayomemeta na kuumiza macho. Mwisho anaongeza ulaini wa kingo kwenye Shotcut yenyewe, ili upenyo usionekane kama umekatwa kwa wembe.

Halafu inakuja hatua ambayo hakuna programu iliyomfundisha. Anaiweka picha ya msichana chini ya ile ramani ya gugumaji, anachukua brashi nyeupe, laini, na kupaka mahali ulipo uso. Peupe hufunguka mwisho, kwa hiyo uso unaoondoka utakuwa wa mwisho kuondoka. Kabla ya hapo ameshaikuza na kuisogeza picha ya pili hadi macho ya mama yakae mahali palepale yalipokuwa macho ya msichana. Kazi ya macho peke yake, anasema, inaweza kumchukua muda mrefu kuliko slaidi nyingine zote. Hakuna mteja aliyewahi kumwomba aifanye.

Si kila kitu kinakubali. Kwa familia ya mvuvi wa Muhuru Bay alijaribu wavu, akitumaini matundu yake yafunguke moja moja. Mafundo ya nyuzi yalibaki usoni mwa marehemu kama madoa ya ugonjwa, akaufuta. Majani ya miwa ya Awendo, yakipigwa picha kwa karibu jua likiwa chini, yalikubali vizuri: kivuli kati ya majani hufunguka kwa mistari mirefu, na picha mpya huingia kama inayopita shambani.

Kwamba mpito wa picha unaweza kumgusa mtu mwilini si jambo geni. London ya karne ya 19 ilijaza kumbi kwa maonyesho ya taa mbili za kurusha picha, moja ikifunikwa polepole huku nyingine ikifunuliwa, hadi mandhari ya kiangazi iwe ya baridi. Barani kwetu, David Livingstone alionyesha picha za taa kwa mtawala Shinte mwaka 1854. Picha ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka. Livingstone aliandika kwamba wanawake walimsikiliza kwa kicho, wakiwa kimya; alipoivuta slaidi ili kuitoa, kisu kilionekana kikiwajia wao, wakakimbia wakimwita mama. Picha iliyotulia waliivumilia. Ilipohama ndipo walipokimbia.

Pengo linalomshughulisha fundi wa Homa Bay nalo lina historia yake, na si ya umaskini tu. Sheria ya usajili wa watu nchini Kenya ilirekebishwa mwaka 1978 ndipo wanawake wakaanza kusajiliwa na kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa kijijini aliyezaliwa miaka ya 1940 angeweza kuolewa, kuzaa na kuzika wazazi bila serikali kumdai sura yake hata mara moja. Basi mjukuu anayetafuta picha za dani (bibi kwa Kijaluo) anapata ya studio, kama ipo, kisha kitambulisho, kisha zile za simu za uzeeni. Fundi anasema zamani aliona aibu juu ya nafasi hizo na kuzijaza maua na mistari ya Biblia. Siku hizi anaziacha zionekane, na anazipa muda.

Mazingira hayamsaidii. Saa saba mchana, jua likipenya kando ya hema, vijivu vyote vya katikati hupotea kwenye skrini na mpito wa taratibu hauonekani. Kwa hiyo hutengeneza nakala mbili: ya mkesha, yenye mipito mirefu, na ya mchana, yenye mipito mifupi na tofauti kali ya mwanga. Anazuia pia video kutumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Inapobanwa, maji yake huvunjika kuwa viboksi. Huwaomba waitume kama hati, au wasubiri flashi.

Ombi lililo gumu zaidi kwake ni jipya. Tangu mwaka 2021, kampuni ya MyHeritage ilipotoa huduma ya kuzifanya picha za zamani zipepese macho na kutabasamu, na programu za akili bandia zilizofuata kuongeza makubwa zaidi, wajukuu wanataka dani acheke. Wengine wanaomba picha za miaka ambayo haikupigwa picha: dani akiwa na umri wa miaka thelathini na tano, dani akivuna. Fundi anajua zinaweza kutengenezwa. Amekataa mara kadhaa, na mara moja alikubali, kwa ajili ya binti aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo na hakuikumbuka sura yake ikisogea. Hadi leo hajui kama alitenda vyema. Anachojua ni kwamba binti yule aliirudia sehemu hiyo kwenye simu yake tena na tena.

Yapo maswali mengine ambayo brashi haiyafikii. Katika nyumba ya wake wawili, picha za mke yupi zitangulie? Ndugu aliyetengwa akatwe kwenye picha ya pamoja, na kama hakatwi, uso wake upakwe mweusi uingie kwanza au mweupe ubaki mwisho? Anayelipa ndiye anayetuma picha, na anayelipa mara nyingi yuko Nairobi. Waliokaa na marehemu hadi siku ya mwisho hawana simu yenye picha hizo.

Lingine ni la hifadhi. Photodex, kampuni ya Marekani iliyotengeneza ProShow, programu iliyopendwa na mafundi wengi wa slaidi, ilifunga milango Januari 2020, na programu yake haikuendelezwa tena. Fundi anayo miradi ya zamani iliyofungwa ndani ya mafaili ya ProShow. Kwa kazi mpya huwapa wateja video, picha zote jinsi zilivyoletwa, na ile ramani ya kijivu ya gugumaji iliyopakwa nyeupe mahali pa uso. Familia nyingi humuuliza hiyo ya mwisho ni ya nini, na baadhi huifuta ili flashi ipate nafasi.