Mizani ya Nyuzi: Jioni ya Litungu Mugeta na Nafasi Yake katika Ushairi wa Kiswahili



Mhadhara wa wazi unaohusu ushairi wa Kiswahili una desturi ya kuanzia Lamu, Pate au Tanga, na desturi hiyo ina sababu zake. Leo naomba mniwie radhi nianzie mbali na bahari, katika ua wa nyumba moja kwenye kata ya Mugeta, Wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Ni jioni ya mwezi Julai. Watu wapatao arobaini wamekaa juu ya vigoda, magogo na mikeka, na katikati yao mzee mmoja anazikaza nyuzi za litungu. Ninakusudia kuonyesha kwamba kinachotendeka katika ua huo kinatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili zaidi ya tulivyozoea kukiri, na kwamba tumekipuuza kwa sababu tulikuwa tukiutafuta ushairi kwa macho badala ya masikio.

Kwanza niseme neno juu ya jioni yenyewe. Jua la Mara huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima. Kwa hiyo kinachoipambanua jioni ya kiangazi si urefu wa mwanga, kama ilivyo kwa wenzetu wa Ulaya, bali ni ukavu. Kuanzia Juni mvua huwa haba. Nafaka zimekwisha vunwa, pamba inachumwa au inamngoja mnunuzi, na pombe ya mtama na wimbi inapatikana. Huu ndio wakati wa harusi, wa kutembeleana na wa kulipana madeni. Ukavu una faida nyingine ambayo mgeni haioni upesi. Litungu ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, na ngozi ikipata unyevu hulegea, sauti ikafifia. Mpigaji aliyesumbuka na ala yake wakati wa masika huuona mwezi wa Julai kama ndugu.

Litungu (Wakurya wenyewe huliita iritungu) lina mikono miwili inayotoka kwenye bakuli na kushikwa kwa juu na mti wa kukingama. Nyuzi zake, ambazo kwa Wakurya kwa kawaida ni nane, hufungwa kwenye mti huo juu ya vitambaa vilivyoviringishwa, na mpigaji huvizungusha vitambaa hivyo ili kuukaza au kuulegeza uzi. Zamani nyuzi zilitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni, zile zile za kuvulia samaki katika Ziwa Viktoria. Sauti yake ni nzito na yenye kuvuma. Jamaa za ala hii wametapakaa: nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Wakisii, litungu la Waluhya lenye nyuzi saba, endongo ya Waganda, na mbali zaidi kaskazini, krar na begena za Ethiopia. Ukanda huo mrefu, unaoshuka kutoka bonde la Nile, unaishilia karibu na hapa. Ukitoka Mara kwenda kusini na magharibi unakutana na ala za namna nyingine, kama nanga ya Wahaya, ambayo haina mikono wala mti wa kukingama.

Sasa tuurudie ua. Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alishikilia kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wanafunzi wetu huyakariri mambo hayo sita kwa ajili ya mtihani, kisha wakienda nyanjani hurudi na jambo moja tu, yaani maneno. Nami sijitoi katika lawama hiyo, kama nitakavyoeleza.

Mahali na wakati si pambo. Litungu halina kipaza sauti. Duara la wasikilizaji haliwezi kuwa kubwa kuliko umbali ambao sauti ya uzi na ya koo inaweza kufika bila kupotea, na kwa hiyo fanani huziona nyuso zote kwa mwanga wa moto au wa mbalamwezi. Anajua nani amekuja na nani hakuja. Anaweza kumtaja mtu kwa jina la sifa, naye mtu huyo akainuka, akatoa sarafu, akaomba ataje na jina la mama yake. Kwa Wajaluo desturi ya namna hii imekomaa na ina jina lake, pakruok: msikilizaji humkatiza mpiga nyatiti kwa malipo ili ajisifu au amsifu rafiki yake, kisha muziki ukaendelea. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kuwepo kabla ya watu kukaa. Hutungwa wakiwa wamekaa.

Na waliokaa Mugeta ni akina nani? Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sehemu hiyo ya Bunda ni njia panda ya lugha: Kiikizu, Kikurya, Kiikoma, Kinata na Kisukuma hukutana katika soko moja na mara nyingi katika ukoo mmoja, kwa njia ya ndoa. Mpango wa vijiji wa miaka ya 1973 hadi 1976 uliwakusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, na tangu 1967 shule za msingi zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo leo ana wajukuu. Wajukuu hao huisikia lugha ya babu yao, lakini si wote wanaoweza kuufuata wimbo wenye mafumbo. Fanani anapoutazama ua wake, basi, anatazama pia ramani ya lugha, na katika kila ubeti ana uamuzi wa kufanya: nani nimwache nje?

Akichagua Kiswahili, habadilishi msamiati peke yake. Lugha za Mara zina toni. Katika Kikurya, kwa mfano, mahali toni ya juu inapoanzia katika kitenzi hutegemea njeo, na kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya sarufi. Mwimbaji anayeipuuza kabisa toni anajitafutia matata. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba fanani anapohamia Kiswahili, sauti yake inafunguliwa kamba moja na kufungwa nyingine: iko huru kupanda na kushuka ipendavyo, lakini sasa ni lazima silabi yenye mkazo ikutane na pigo zito la uzi, la sivyo sikio linakwaruzwa.

Nitoe mfano niliojitungia mwenyewe, maana nyimbo za watu si mali yangu kuzichapisha. Chukueni mistari hii miwili: «mvua imechelewa» na «mvua haijatunyeshea». Wa kwanza una silabi saba, wa pili una tisa. Mshairi wa vina na mizani anayetaka kipande cha silabi nane ataukataa wa kwanza kwa upungufu na wa pili kwa kuzidi. Mpiga litungu hana tatizo na wowote kati yao. Nyuzi zinarudia mzunguko mfupi usiobadilika. Mstari wa silabi saba anauvuta, labda kwa kuirefusha irabu ya «mvua», na ule wa silabi tisa anausukuma mwanzoni, ili «le» ya «imechelewa» na «she» ya «haijatunyeshea» ziangukie uzi ule ule mzito. Mizani ipo, tena ni kali. Ila haihesabiwi kwa silabi, huhesabiwa kwa nyuzi.

Mabibi na mabwana, mnaukumbuka mgogoro wa ushairi. Kaluta Amri Abedi alizichapisha kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, nazo zikawa msahafu wa wanaoitwa wanamapokeo. Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na kwa miaka mingi tukabishana kama utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi. Upande mmoja ulisema kwamba kuacha mizani ni kuiga Wazungu. Upande wa pili ulijibu kwamba vina na mizani ni sura moja tu ya ushairi, na kwamba ngoma na nyimbo za makabila zina kanuni zake. Ninaona kwamba upande wa pili ulikuwa na haki, ila haukwenda mbali vya kutosha kuuleta ushahidi. Ushahidi ulikuwa katika nyua kama ule wa Mugeta: Kiswahili kilichopimwa kwa kipimo ambacho si cha Pwani wala cha Uingereza, kikiimbwa na watu ambao hawajapata kusikia kwamba kuna mgogoro. (Ni jambo la kutafakari kwamba mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alipotafsiri Shakespeare aliacha vina, na alipozitunga tenzi zake za Biblia alifuata kanuni za Pwani. Njia ya tatu ilikuwa nyumbani kwao.)

Kwa nini basi nyimbo hizi hazimo katika diwani zetu? Nadhani zimeanguka kati ya viti viwili. Mtaalamu wa Kiswahili akisikia litungu husema hiyo ni kazi ya mtafiti wa lugha za kikabila; mtafiti wa lugha hizo naye, akikuta ubeti wa Kiswahili katikati ya wimbo wa Kikurya, huuona kama uchafu ulioingia majuzi na kuuruka. Hata Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupatia Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009 na ambao faida zake ni kubwa, ulihesabu lugha moja moja. Ua wenye lugha tano kwa jioni moja hauna rangi yake katika ramani.

Juhudi za jukwaani nazo zilisaidia na zilipunguza. Mwalimu alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alitaka ngoma zetu zipewe heshima mbele ya dansi za kigeni, na matunda yake tuliyaona: kikundi cha taifa, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzia mwaka 1981, na wasanii wa kiwango cha Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba duniani kote hadi alipofariki mwaka 2003. Lakini jukwaa lina saa na lina taa. Hadhira yake iko gizani, fanani haioni. Wimbo unakuja umekwisha tungwa, unakaa dakika chache na kumpisha mwingine.

Nimalizie na kosa langu mwenyewe. Jioni ile ya Mugeta, miaka mingi iliyopita, nilikuwa na kinasa sauti. Mzee alianza kwa Kikurya, akaimba kwa muda mrefu, akagusa Kiikizu kwa heshima ya mwenye nyumba. Kisha bibi mmoja wa Kisukuma, mama mkwe wa kijana wa nyumba ile, akapaza sauti kutoka upande wa jikoni, akamwambia mpigaji jambo lililowafanya wote wacheke. Mzee hakuziacha nyuzi. Alizunguka mara mbili bila neno, kisha akaingia kwa Kiswahili, akaimba juu ya mvua na juu ya wakwe, na hakurudi tena kwenye Kikurya mpaka usiku ulipokwisha.

Niliporudi chuoni niliusafisha ukanda. Nilitoa mbwa, kikohozi, kuni zikivunjwa, na sauti ya bibi yule, ambayo kwa masikio yangu ya wakati ule ilikuwa kelele. Nukuu yangu ilikuwa safi na ilipata alama nzuri. Ina kichwa cha wimbo, jina la ala na tarehe. Na katikati yake lugha inabadilika ghafla, bila sababu yoyote inayoonekana, mahali pale pale nilipotia mkasi. Nilikwenda tena Mugeta kuuliza bibi alisema nini. Mzee alikuwa amekwisha fariki, na bibi pia. Wajukuu waliukumbuka wimbo, wakaniimbia sehemu yake ya Kiswahili bila litungu, kwa mkazo uleule na mivuto ileile. Walikumbuka kwamba watu walicheka. Alichokisema bibi hakuna aliyekikumbuka.